Kutoka Mgori hadi Mkunazini

Tulipoondoka Mgori kwenda Unguja tulikuwa watu kumi na wanane: wazee wa kanisa, kinamama, vijana wa kwaya na sisi watumishi. Wengi wetu hatukuwahi kuiona bahari. Tulibeba asali ya msitu wa Mgori kwa ajili ya wenyeji wetu, na mfuko mkubwa wa karanga ulioisha kabla hatujafika Morogoro. Tulitaka kuliona kanisa lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Tulidhani tunakwenda kutazama dhambi ya watu wengine.

Basi lilituchukua kutoka Singida hadi Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze na Dar es Salaam, karibu kilomita 700. Njia hii ina historia yake. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita upande huu kwa miguu. Ilitoka Ujiji na Unyanyembe, ikaikata nyika ya Mgunda Mkali, sehemu za Itigi na Manyoni za leo, ikaingia Ugogo, kisha ikashuka hadi Bagamoyo. Mgori haikuwa kwenye njia hiyo kuu. Ilipita kusini kwetu. Lakini mkoa wetu uliiona misafara hiyo. Watemi wa Ugogo waliitoza ushuru wa kupita na kunywa maji, na ushuru huo uliitwa hongo. Neno hilo tunalo hadi leo, na maana yake hakuna asiyeijua.

Sisi tulilalamika miguu kuvimba kwa kukaa siku moja ndani ya basi. Wao walitembea kwa miezi.

Asubuhi tulipanda boti, na baada ya saa mbili hivi tukaona nyumba nyeupe zikisimama juu ya maji. Mji wa Unguja, hasa Mji Mkongwe, ni mdogo. Mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri, ingawa sisi tulipotea mara tatu kwenye vichochoro vyake. Kila tulipopotea, mwenyeji mmoja aliacha shughuli zake akatuongoza. Mzee mmoja wa barazani aliitikia shikamoo zetu zote kumi na nane, moja baada ya nyingine, kisha akatuuliza habari za mvua huko bara. Tunayaandika haya kwa sababu baadhi yetu walikwenda na hofu juu ya ndugu zetu Waislamu, na hofu hiyo iliishia pale barazani.

Huu ndio mji ambao Seyyid Said, Sultani wa Omani, aliufanya makao yake makuu karibu mwaka 1840. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji mikono, na mikono hiyo ilitoka bara. Tulipita Shangani, penye nyumba ya Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip. Misafara yake iliingia bara hadi ndani ya Kongo, na alifariki hapo mjini mwaka 1905.

Kisha tukafika Mkunazini. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo Waanglikana waliweka jiwe la msingi la Kanisa la Kristo palepale sokoni. Askofu Edward Steere alilisimamia, na ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877. Inasimuliwa kwamba nguzo fulani ndani ya kanisa hilo zilisimamishwa kichwa chini, kwa sababu mafundi walizipachika askofu akiwa hayupo. Vijana wetu walicheka. Kisha tukaonyeshwa duara la marumaru kwenye sakafu karibu na madhabahu, tukaelezwa kwamba ndipo uliposimama mti wa kufungia watumwa na kuwachapa. Hakuna aliyecheka tena.

Nje ya kanisa kuna shimo la saruji lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Mama mmoja mzee wa kundi letu alisimama pale muda mrefu. Tulipomwita tuondoke, aliuliza, "Mchungaji, hawa walikuwa na majina?"

Tulimjibu kwamba majina ya wengi yamepotea, lakini ya wachache yamebaki. Mwaka 1864, Askofu Tozer na Steere walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio walikuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo. Mmoja wao aliitwa John Swedi, na mwaka 1879 aliwekwa wakfu kuwa shemasi. Mwingine aliyewahi kuwa mtumwa, Cecil Majaliwa, akawa kasisi mwaka 1890.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi Walutheri wa Singida kila Jumapili. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyelelewa katika Ulutheri, alifika Unguja mwaka 1844, kisha akaenda Mombasa na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Steere naye alijifunza Kiswahili cha Unguja, akaandika kitabu cha sarufi na kutafsiri Agano Jipya. Alijifunza kwa watu wa mjini, na kila siku aliishi na watoto wale waliotoka jahazini. Baadaye, mwaka 1928, wajumbe waliokutana Mombasa waliamua kwamba Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kiswahili tunachosalia Mgori, kilichotufikia kwa Biblia na shule, kinatoka katika mji ule uliouza watu. Mungu hakuhitaji uovu ule ili atupe Neno lake. Lakini hakuuachia uovu ule neno la mwisho.

Wako wanaotumia historia hii kunyoosha kidole kwa dini moja au taifa moja. Ukweli hauwapi nafasi. Watawala wa bara waliuza watu. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha mitaji. Wafaransa walinunua watu kwa mashamba ya miwa katika visiwa vyao. Wamarekani walileta kitambaa cha merikani na kununua pembe, ambazo nyingi zilibebwa na watumwa na wapagazi. Na Wajerumani, ambao katika nchi yao Ulutheri ulizaliwa, walipotawala huku bara hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katika Mwanzo 37, Yusufu aliuzwa kwa msafara kwa vipande ishirini vya fedha. Wauzaji walikuwa ndugu zake, waliokula naye chungu kimoja.

Tungeweza kuishia hapa, kama si yaliyotokea wakati wa kurudi.

Usiku, kabla ya kufika Dodoma, yule mama mzee alikuja kukaa karibu nasi. Alisema ana mjukuu wa kike aliyechukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka wa kwanza alipiga simu mara mbili; sasa ni mwaka wa tatu bila habari. Tukamwuliza mwajiri ni nani. Hakujua. Mtaa gani? Hakujua. Tukamwuliza alikubalije kumtoa mtoto kwa mtu asiyemjua. Alitutazama akasema kwa upole, "Si alikuja na barua yenu, mchungaji?"

Tulikumbuka. Mwanamke yule aliomba barua ya utambulisho, akasali nasi, tukaandika mistari minne na kugonga mhuri. Hatukumwuliza umri wa mtoto wala mahali anapompeleka. Hatukupokea hongo; tulipokea shukrani tu. Lakini msafara ulipita mlangoni kwetu, nasi tukaufungulia njia.

Kila msharika wa Singida anajua mabinti wangapi kutoka vijijini kwetu wako Dar es Salaam, Arusha na Dodoma. Si kila kazi ya ndani ni utumwa. Wako waajiri wanaowasomesha watoto hao na kuwatunza kama wao. Lakini sheria ya nchi hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mtoto asiyelipwa, asiyeruhusiwa kupiga simu, ambaye nyumbani hawajui aliko, ana tofauti gani na yule wa shimoni pale Mkunazini?

Tuliporudi tulikiri jambo hili mbele ya baraza la wazee, kisha mbele ya ibada. Katekisimu tuliyofundishwa wakati wa kipaimara haitosheki na kutomdhuru jirani. Inatutaka pia tumsaidie. Sasa tuna daftari. Kila kijana anayekwenda kufanya kazi mjini huandikwa humo jina lake, umri wake, jina la mwajiri, mtaa na namba ya simu, na kila mwezi mzee mmoja wa kanisa hupiga simu na kuomba kuzungumza na kijana mwenyewe. Barua bila maelezo hayo hatuandiki. Baadhi ya watu wamekasirika, wakisema kanisa linawazuia watoto kupata riziki.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una jina la mjukuu wa mama yule na umri wake. Nafasi ya mwajiri na ya simu bado ni tupu. Tumetoa taarifa polisi, na tunaulizia kila usharika tunaoufahamu. Wewe unayesoma haya, kama jirani yako ana binti wa kazi, msalimie na umwulize jina lake na kwao ni wapi. Huenda kuna bibi anayeisubiri simu yake.