Ufa Huanzia Kwenye Kona

Jioni ya tarehe 8 Mei 1842, treni iliyojaa watu ilikuwa ikirudi Paris kutoka Versailles, ambako abiria walikwenda kutazama sherehe za mfalme Louis-Philippe. Karibu na Meudon, ekseli ya injini ya mbele ilikatika. Injini ikaanguka, ya pili ikaiparamia, na mabehewa yakapandana juu ya moto wa matanuri yao. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa nje, kama ilivyokuwa desturi. Watu wasiopungua 50 walikufa, wengi kwa kuungua.

Kilichowasumbua wahandisi ni swali dogo. Iweje chuma kilichobeba mzigo jana na juzi kishindwe leo? Wengi waliamini kuwa mtikisiko hubadilisha asili ya chuma, kikaacha kuwa cha nyuzinyuzi na kuwa cha chengachenga. Mwaka 1843 kijana wa Kiskoti, William Rankine, alitoa maelezo mengine. Alizichunguza ekseli zilizovunjika akaona kuwa ufa ulikuwa umeanza zamani, pale ekseli nene inapopunguzwa ghafla kuwa nyembamba na kuacha kona kali. Kutoka hapo ulitambaa kuelekea ndani, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kiini kilichobaki kikawa chembamba mno. Ushauri wake ulikuwa mfupi: kona ipewe mviringo.

Baadaye mhandisi wa Kijerumani, August Wöhler, alitumia miaka ya 1850 na 1860 kuzijaribu ekseli kwenye mashine. Alithibitisha kuwa chuma kinaweza kuvunjwa na mzigo mdogo sana kuliko ule wa kukivunja kwa mkupuo mmoja, mradi mzigo huo urudiwe vya kutosha. Hali hiyo leo tunaiita uchovu wa metali.

Nimeanza na Meudon ingawa sitazungumzia ekseli. Nataka kusimulia habari za kipande kingine cha chuma, ambacho wengi wetu tumekiona mara mia bila kukitazama, na jinsi somo la ile kona lilivyokirudia kila kilipoboreshwa.

Mtaani tukisema bogi, mara nyingi tunamaanisha behewa zima. Fundi wa reli akisema bogi anamaanisha kigari kifupi cha magurudumu manne kilicho chini ya behewa, kimoja mbele na kimoja nyuma. Ukichungulia bogi la behewa la mizigo kwa upande, utaona pande zito la chuma linaloshika gurudumu la mbele na la nyuma, lenye tundu kubwa katikati ambamo springi zimesimama. Huo ndio ubavu wa bogi. Kila bogi lina mbavu mbili, moja kila upande, na boriti moja inayopita katikati kutoka ubavu hadi ubavu.

Vipande hivyo vitatu havikukazwa pamoja kwa bolti. Boriti imekalia springi, springi zimekalia mbavu, na mbavu zimekalia ncha za ekseli. Uzito wa behewa ndio unaovishikilia. Mtu akikuelezea hivyo unaweza kudhani ni uzembe, lakini fikiria meza ya miguu minne kwenye sakafu isiyo sawa. Mguu mmoja huning'inia. Bogi lililofungwa imara lingefanya vivyo hivyo kwenye reli iliyobonyea, na gurudumu lisilo na mzigo ni rahisi kuacha njia. Mbavu zisizofungwa pamoja zinaweza kuinama kila moja kwa wakati wake, na magurudumu yote manne yakabaki yamekanyaga. Ndiyo maana muundo huu uliokulia Marekani ulienea duniani.

Ubavu wa kwanza ulioenea huko haukuwa pande moja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mafundi wa Marekani walichukua bapa ndefu za chuma, wakazikunja, moja ikipanda juu na nyingine ikishuka chini, zikakutana kwenye ncha na kuacha umbo la almasi katikati. Bapa ya tatu ilipita chini kabisa kuzifunga. Bolti ndefu zilishika kila kitu pamoja na visanduku vya beringi, ambamo ncha ya ekseli ilizunguka juu ya pamba iliyoloweshwa mafuta.

Uzuri wa ubavu huo ulikuwa unyenyekevu wake. Mhunzi yeyote mwenye moto na nyundo aliweza kuutengeneza. Bapa ikipinda, unainyoosha. Ikikatika, unafunga nyingine. Kwa nchi iliyokuwa ikitandika reli haraka kuliko ilivyojenga viwanda, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini mabehewa yalikua. Behewa la mbao la miaka ya 1870 lilibeba kama tani 10 hadi 15. Mwanzoni mwa karne ya 20 tayari kulikuwa na mabehewa ya chuma ya tani 50. Chini ya mzigo huo bolti zilianza kusema ukweli. Kila kiungio cha reli kilipogonga gurudumu, nati ililegea kidogo. Bapa zilizolegea zilisuguana, na matundu ya bolti, ambayo nayo ni aina ya kona, yakawa mahali pa ufa kuzaliwa. Usalama wa treni nzima ulitegemea mtu mwenye spana na taa, anayepita usiku kando ya mabehewa kukaza nati moja baada ya nyingine. Akiwa amechoka, au akiruka behewa moja, treni iliondoka hivyohivyo.

Jibu lilitoka kwa watu kadhaa, lakini jina lililobaki ni la William Peter Bettendorf. Alizaliwa Illinois mwaka 1857, na umaarufu wake wa kwanza ulitoka shambani: alibuni jembe la kukokotwa na magurudumu ya chuma ya mashine za kilimo. Moto ulipounguza kiwanda alichokiendesha na mdogo wake Joseph huko Davenport, Iowa, mwaka 1902, walihamia mji mdogo wa jirani ulioitwa Gilbert. Mwaka uliofuata mji huo ulibadilisha jina ukaitwa Bettendorf, na unaitwa hivyo hadi leo.

Wazo lake la ubavu lilikuwa la mtu aliyechoshwa na bolti. Badala ya kukunja bapa na kuzifunga, mimina feleji iliyoyeyuka kwenye kalibu ya mchanga, upate ubavu mzima pamoja na visanduku vyake vya beringi kama kipande kimoja. Pasipo na nati hapana cha kulegea. William alifariki mwaka 1910, lakini ubavu wa kusubu uliendelea kuenea. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1940, bogi la bapa na bolti lilikuwa limepigwa marufuku kwenye mabehewa yanayopita kutoka kampuni moja ya reli hadi nyingine. Marufuku hiyo ilikuwa na mantiki: behewa bovu la kampuni moja huangusha treni ya kampuni nyingine.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, nasi tukaiita maendeleo. Lakini tazama kilichotokea kwa yule mtu wa spana. Hatari ya zamani alikuwa akiiona. Nati iliyolegea hucheza, bapa iliyochoka hupinda, na nyundo ikigonga bolti mbovu sauti hubadilika. Ubavu wa kusubu uliziondoa nati zote, na pamoja nazo ukaondoa ishara zake. Udhaifu uliobaki ulihamia mahali ambapo jicho haliingii, ndani ya feleji yenyewe.

Feleji ikiganda husinyaa. Ndani ya kalibu, sehemu nyembamba huganda kwanza na sehemu nene huganda mwisho. Ile inayoganda mwisho huhitaji feleji ya majimaji kutoka pembeni ili kujaza nafasi inayoachwa na msinyao. Ikiwa njia ya kuipata imeshaziba, hubaki vitundu ndani, pengine vidogo kama chembe za mchanga. Kwa nje ubavu unang'aa na kipimo chake ni sahihi. Kwa ndani una kona nyingi ndogo ambazo hakuna aliyezichora.

Hapa ndipo kuboresha ubavu kunapogeuka kuwa kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mtu wa kawaida akiambiwa sehemu fulani inavunjika, atasema iongezwe unene. Lakini unene ukiongezwa ovyo, hapo hugeuka kuwa mahali panapoganda mwisho, na vitundu huhamia palepale ulipotaka pawe na nguvu. Chuma kingi zaidi, ubavu dhaifu zaidi. Mchoraji na msubuji wanapaswa kukaa meza moja, kwa sababu mstari mzuri kwenye karatasi unaweza kuwa mbaya kwenye mchanga.

Kisha yakaja mabadiliko mengine yenye nia njema. Beringi za zamani za pamba na mafuta zilipata moto, nyingine zikawaka na kukata ekseli. Katika miaka ya 1960 reli za Marekani zilihamia kwa nguvu kwenye beringi za rola. Kisanduku kilichosubiwa pamoja na ubavu hakikuhitajika tena. Badala yake ncha ya ubavu ikawa kama taya lililo wazi kwa chini, linaloikalia beringi kutoka juu. Kubadilisha magurudumu kukawa rahisi: unainua bogi, unasukuma seti nzima nje. Lakini taya lina kona za ndani. Mzigo unashuka katikati ya ubavu, miguu yake miwili inausukuma juu, na kona ya ndani ya taya huvutwa kana kwamba mtu anataka kuipanua. Ya Rankine yakarudi.

Mahali yaliporudi kwa uchungu zaidi ni kwenye reli za Urusi na jirani zake. Wasovieti walikuwa wamechukua muundo wa vipande vitatu, na bogi lao la miaka ya 1950, lililokuja kuitwa modeli 18-100, likabeba sehemu kubwa ya mizigo ya nchi hiyo pana. Ekseli zake zilipangiwa tani 23.5 kila moja, hivyo kila ubavu wa behewa lililojaa ulibeba zaidi ya tani 20, kwa maelfu ya kilomita, kwenye joto la kiangazi na baridi ya Siberia. Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, mbavu zilianza kuvunjika njiani kwa wingi usio wa kawaida. Nyingine zilikuwa mpya, zimetumika miaka michache tu, ilhali zilikusudiwa kudumu takriban miongo mitatu.

Mivunjiko mingi ilitokea mahali pamoja: kwenye kona ya ndani ya taya. Wahandisi wa huko huiita R55, kwa sababu mviringo wake una nusu kipenyo cha milimita 55. Yaani ushauri wa mwaka 1843 ulikuwa umefuatwa, kona ilikuwa imepewa mviringo. Ila kwenye nyuso nyingi zilizovunjika, chini ya mviringo huo mlionekana vitundu na dosari za kusubu. Kona iliyoviringwa kwa nje ilikuwa na kona kali kwa ndani.

Kukawa na mabishano. Ni kosa la viwanda? La muundo wenyewe? La mabehewa kugongeshwa yanapopangwa stesheni? Nadhani swali hilo halina jibu moja, kwa kuwa uchovu wa metali hujumlisha yote: dosari ndogo, kona inayovutwa, na mamilioni ya mitikisiko. Ondoa moja kati ya hayo na huenda ubavu ungezeeka salama.

Ndiyo maana marekebisho yalifanywa pande zote. Kwa kompyuta, wahandisi waliugawanya ubavu katika vipande vidogo vidogo kuona mvutano unakusanyika wapi. Kona zikapewa mviringo mpana zaidi, na kuta zikachorwa zibadilike unene polepole. Viwanda vikachunguza kalibu zao, na mbavu zikapimwa kwa mawimbi ya sauti yanayoingia ndani ya feleji. Kabla muundo mpya haujakubaliwa, ubavu huwekwa kwenye mashine inayoukandamiza na kuuachia, tena na tena, mamia ya maelfu ya mara na zaidi. Ni mashine za Wöhler, zimekua tu.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inachukulia kuwa ufa unauona. Bogi la bapa na bolti lilikuwa la ulimwengu huo: uliona, ukakaza. Sisi tunaishi zaidi katika ulimwengu wa ubavu wa kusubu, ambamo vitu vimekuwa laini, vya kipande kimoja, visivyohitaji spana, na kwa sababu hiyohiyo tumeacha kuvitazama. Kila uboreshaji katika historia hii ulikuwa wa kweli. Hakuna aliye na akili timamu angetaka kurudi kwenye nati. Lakini kila mmoja uliuhamisha udhaifu badala ya kuumaliza, na watu waliumia katika kipindi kile kati ya kuhama kwake na siku mtu alipouliza umehamia wapi.

Na yule mtu wa taa hajaondoka. Kwenye reli za Urusi, mkaguzi bado hupita kando ya treni iliyosimama na kuinama kwenye kila taya. Amefundishwa kuwa ufa mwembamba usioonekana hujitangaza kwa njia nyingine. Wakati wa kiangazi vumbi hujikusanya juu yake kama tuta dogo. Wakati wa baridi, juu yake huota mstari mwembamba wa barafu.

Anamulika kona, anatafuta mstari huo, kisha anasogea kwenye gurudumu linalofuata.