Ma ya Wajapani ni Nafasi

Kikundi cha wasanii wa mtaani kikiamua kuandaa onyesho la pamoja lenye asili ya Kijapani, maneno ya Kijapani huja pamoja na rangi na brashi. Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ina vijana wengi waliokua wakitazama anime na kunakili wahusika wa manga katika kurasa za nyuma za madaftari ya shule, kwa hiyo mengi ya maneno hayo hayawasumbui. Karate, judo, kimono na origami tumezipokea zilivyo. Sunami tumeipunguzia herufi moja, ikakaa vizuri kinywani. Manga ilikuta jina lake limekwisha kutumika, kwa kuwa pilipili manga na njiwa manga walitutangulia na Manga yao ni Uarabuni, lakini muktadha huzitenganisha bila shida.

Neno linalotaka kazi ni fupi kuliko yote hayo: ma. Hatuwezi kulichukua lilivyo. Katika Kiswahili silabi hiyo ni kiambishi cha wingi, nayo hutangulia maelfu ya nomino. Ukiandika "ma ya picha" msomaji atadhani mpiga chapa amesahau nusu ya neno. Wala hatuwezi kuliacha, kwa sababu anayetaka kujifunza chochote kutoka sanaa ya Japani atalikuta kila mlangoni. Lazima tulitafutie jina, na naamini jina hilo tunalo tayari.

Kwanza maana. Ma ni uwazi ulio kati ya vitu viwili, uwe wa mahali au wa wakati, unapohesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Alama inayoliandika ni lango lenye jua katikati. Zamani palikuwa na mwezi. Lango ni miimo miwili, na kinachoonekana baina yake ni mwanga. Mafundi wa nyumba walilitumia kwa umbali wa nguzo hadi nguzo, kisha kwa chumba chenyewe, kwa kuwa nyumba ya mbao ya Kijapani hupimwa kwa nguzo zake. Wapiga ngoma na waigizaji nao walilitumia kwa kimya kinachotenganisha pigo na pigo, tamko na tamko. Katika mazungumzo ya kawaida, mtu mjinga huitwa manuke, yaani aliyepungukiwa na ma: anasema wakati wa kunyamaza, anacheka wenzake wakiwa wamekwisha kucheka.

Wachoraji walioshika jambo hili hawahesabiki, lakini mmoja anatosha kulifundisha. Hasegawa Tohaku, aliyeishi katika karne ya 16, alichora misonobari kwa wino mweusi juu ya viwambo viwili vya kukunja, vyenye kurasa sita kila kimoja. Leo vimo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Miti ni michache, na sehemu kubwa ya karatasi haikuguswa na brashi. Hata hivyo hakuna anayeiona karatasi. Kila mtazamaji huona ukungu, na ndani ya ukungu huhisi miti mingine ambayo Tohaku hakuichora. Mahali palipoachwa pamefanya kazi ambayo wino usingeweza kuifanya.

Kwa upande wa wakati, Zeami, bingwa wa tamthilia ya no, aliandika mwaka 1424 katika risala yake Kakyo kwamba watazamaji huvutiwa na pale mwigizaji asipofanya kitu: wimbo umekwisha, mchezo mwingine haujaanza, mwili umetulia. Alieleza pia sababu. Katika kituo hicho moyo wa mwigizaji haulegei hata kidogo, na ule mkazo wa ndani ndio unaomfikia mtazamaji. Funzo lake kwetu ni kwamba uwazi wa ma una mwenyewe na unashikiliwa. Ukuta uliobaki mtupu kwa sababu msanii hakuleta picha hauna ma. Ukuta ulioachwa kwa kusudi, mtu akausimamia usijazwe, unayo.

Sasa tutafute Kiswahili chake. Kuna maneno manne yanayojitokeza kabla ya lile ninalolipendekeza, na kila moja linastahili kusikilizwa.

Pengo ni mahali pa kitu kilichotoka: jino lililong'oka, mzee aliyefariki. Ma haikutokwa na kitu. Utupu huelekea ukosefu, na una upande wa uchi ambao haufai kubandikwa mlangoni mwa ukumbi. Mwanya unakaribia sana, maana pwani mwanya wa meno ya mbele ni pambo, na malenga wameusifu. Huo ni uwazi unaoongeza uzuri. Lakini mwanya hauchukui wakati kwa urahisi, na siku hizi umeegemea zaidi kwenye njia ya kuponyokea, kama mwanya wa sheria. Kituo kinajua mahali na wakati pia, kwa kuwa ni pale gari linaposimama na ni pale msomaji anapovuta pumzi. Kasoro yake ni kwamba kituo hukata. Ma hushikanisha kilicho huku na kilicho kule.

Linabaki nafasi. "Matatu haina nafasi" ni mahali. "Leo sina nafasi" ni wakati. "Nipe nafasi niseme" ni mlango wa mtu kuingia. Neno moja limebeba yote matatu, na msemaji wa Kiswahili hahisi kwamba anaruka kutoka maana moja hadi nyingine. Asili yake inazidi kulipa nguvu: limetoka kwenye Kiarabu nafas, yaani pumzi. Anayeacha nafasi baina ya picha mbili anaacha mahali pa kupumua.

Ili tuone thamani ya neno hili, tutazame lugha nyingine ilivyopata taabu. Mwaka 1978 msanifu majengo Isozaki Arata aliandaa Paris, katika Tamasha la Majira ya Vuli, onyesho zima kuhusu ma. Kifaransa hakikuwa na neno moja la kulitosha. Kichwa cha onyesho kikalazimika kuunganisha maneno mawili kwa kistari, la mahali na la wakati, kwa sababu fikra za Ulaya zilikwisha kuvitenga viwili hivyo na kuvipa nyumba mbalimbali. Kiswahili hakihitaji kistari. Mkazi wa Kayole aliyesema asubuhi kwamba gari halina nafasi na jioni kwamba hana nafasi ametumia, bila kufikiri, dhana ambayo Isozaki alijenga onyesho kuwaeleza watu wa Paris.

Hoja ya kulipinga ipo, nayo ni kwamba nafasi ni neno pana mno. Kuna nafasi ya kazi, kuna nafasi ya pili darasani. Kuna pia mazoea ya shuleni. Mtihani wa Kiswahili wa KCPE ulikuwa na vifungu vyenye nafasi zilizopewa nambari, na kazi ya mtahiniwa ilikuwa kuzijaza zote. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya vilizoea kwamba nafasi ni kitu kinachosubiri jibu, na anayeiacha amekosa alama. Mazoea hayo yana nguvu, na huonekana hata katika sanaa ya mtaa: matatu za Buruburu na Umoja hupakwa nyuso, majina na misemo hadi kwenye kingo za madirisha, na uzuri wake ni huo wa kujaa. Sanaa hiyo ina heshima yake na kanuni zake. Lakini mkulima wa nchi hiihii anaijua nafasi nyingine. Anapopanda mahindi huacha nafasi ya sentimita 75 baina ya mistari, na hakuna jirani anayemwambia kwamba amesahau kupanda hapo katikati. Nafasi hiyo ndiyo inayoupa kila mche mwanga na maji. Maana tunayoitaka, ya uwazi uliokusudiwa, imo tayari katika lugha; kazi yetu ni kuitoa shambani na kuileta ukutani.

Tuilete basi. Tuseme kikundi kina wasanii kumi na wawili, wengi wao wakichora jioni baada ya kazi, na kimepata ukumbi wa jamii wenye kuta mbili za kufaa, kila moja mita 10. Picha zina upana wa nusu mita. Kila msanii akileta tatu, picha ni 36, na kuta mbili zinaweza kupokea 40 zikigusana bega kwa bega. Zitaingia, na hapo ndipo maonyesho mengi ya wanaoanza huharibikia: kila mtu ameonekana na hakuna aliyetazamwa. Kila msanii akileta moja, kila ukuta utapata picha sita. Picha zitachukua mita 3, na mita 7 zitabaki nafasi. Ukizigawa sawasawa, pamoja na miisho miwili ya ukuta, kila nafasi ni mita 1 kamili. Mtazamaji anaweza kusimama mbele ya picha bila jicho lake kuvutwa na jirani yake. Akimaliza, ana hatua moja ya kuiaga kabla ya kukutana na nyingine.

Nafasi ya wakati nayo ipangwe. Siku ya ufunguzi spika hupenda kuanza asubuhi na kunyamaza usiku. Kikundi kinachosema kimejifunza kwa Wajapani kinaweza kuzima muziki kwa robo saa na kuwaacha watu na picha. Mtangazaji anaweza kumtaja msanii, akanyamaza hadi macho yafike ukutani, ndipo aendelee.

Asiye na ukumbi pia ana la kujifunza. Mwaka 1956 kikundi cha wasanii wa Kijapani kiitwacho Gutai kilifanya onyesho lake la nje katika bustani ya misonobari mjini Ashiya. Motonaga Sadamasa alifunga mikanda mirefu ya plastiki kutoka mti hadi mti, akatia ndani yake maji ya rangi, na jua likapita humo. Kazi yake ilikaa palepale palipo kati ya mti na mti. Mitaa ya zamani kama Kaloleni na Jericho ina viwanja vya wazi baina ya nyumba, na kamba ya kuanikia nguo huvuka baadhi yake kila siku. Anayeitafuta nafasi ataipata hapo bila kulipa kodi ya ukumbi.

Mashariki mwa Nairobi kuna waliokwisha kuifanya kazi hii bila kuiita kwa jina la Kijapani. Mwaka 2022 Wajukuu, kikundi cha wasanii wa Mukuru Lunga Lunga, kilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta, awamu ya 15, mjini Kassel, Ujerumani. Kilijenga kwa mabati njia ya kuingilia yenye giza, ambayo mgeni alilazimika kuipita kabla ya kufika kwenye kazi. Mle ndani barabara ya Kassel ilikuwa imekwisha kuachwa na onyesho lilikuwa bado kufikiwa. Nafasi hiyo ya kati iliwatayarisha watazamaji, nayo ilikuwa ya mabati ya mtaani.

Nasisitiza hili kwa sababu onyesho la asili ya Kijapani hudhaniwa kuwa ni lazima lionyeshe mlima Fuji, maua ya mcheri na samurai. Mchoraji Hiroshige, katika chapa zake za mandhari mia za jiji la Edo alizozitoa kuanzia mwaka 1856, alichora jiji lake mwenyewe: madaraja, maduka, watu waliokimbia mvua. Anayemfuata kwa kweli atachora Jogoo Road wakati wa mvua, au Gikomba alfajiri, na ataacha karatasi isemayo pale ambapo mkono wake ungetaka kuendelea.

Kuhusu matumizi, napendekeza hivi. Katika maandishi ya kitaalamu tuandike mara ya kwanza "nafasi, ambayo Wajapani huiita ma", kisha tuendelee na nafasi peke yake. Vitenzi vyake vipo tayari: kuacha nafasi, kushika nafasi, kubana nafasi, kuvunja nafasi. Kwa aina zake tuseme nafasi ya ukutani, nafasi ya karatasi, nafasi ya kimya. Manuke tunaweza kumwita asiyejua nafasi, na kila Mswahili ataelewa kwamba hatuzungumzii shughuli zake nyingi.

Kuna sababu moja zaidi ya kulichagua neno hili, nayo inahusu watu. Alama ya ma imo katika ningen, neno la Kijapani la binadamu, linaloandikwa kwa mtu na uwazi wa kati. Imo pia katika nakama, yaani wenzi wa kikundi kimoja. Kwa Kijapani, wenzi ni wale wenye ma baina yao. Kiswahili kinasema hivyohivyo kwa njia yake: kumpa mtu nafasi. Kikundi cha wasanii wanaoanza kina mchoraji mzoefu ambaye picha zake zitauzwa, na kina mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye hajawahi kutundika kitu mbele ya watu. Mita 1 ya ukuta kila upande wa picha ya huyo mwanafunzi, sawa na mita 1 ya mzoefu, ni nafasi kwa kila maana ya neno hilo. Anayegawa ukuta namna hiyo amekwisha kuielewa ma, na ameieleza kwa Kiswahili.