Risasi Mwilini mwa Garfield: Chimbuko Lililosahauliwa la Tomografia ya Induksheni ya Sumaku

Maandishi mengi kuhusu tomografia ya induksheni ya sumaku huianzisha historia yake katika miaka ya 1990. Insha hii inadai kwamba swali ambalo mbinu hiyo inajaribu kulijibu, yaani namna ya kutambua kipitishi cha umeme kilichofichika ndani ya kitu bila kukigusa, lilikwisha kuulizwa kando ya kitanda cha mgonjwa mwaka 1881. Aidha, sababu ya kushindwa kwa jaribio lile imekuwa ikisimuliwa vibaya.

Msingi wake ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831. Koili inayopitishiwa umeme unaobadilikabadilika hutoa usumaku unaobadilika vilevile. Kipitishi kilicho jirani hupata ndani mwake mikondo inayojizungusha, nayo mikondo hiyo hutoa usumaku wake hafifu ambao koili nyingine huweza kuunasa. Mwaka 1879 David Edward Hughes aliunda mizani ya induksheni: koili zilisawazishwa hadi simu iliyounganishwa nazo ikawa kimya, na kipande cha metali kilipokaribia, kimya kile kilivunjika.

Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi na Charles Guiteau mjini Washington. Madaktari walichokoa jeraha kwa vidole na vyombo visivyotakaswa, wasiione risasi. Miale ya eksirei ingegunduliwa miaka 14 baadaye. Alexander Graham Bell akaiboresha mizani ya Hughes, akaijaribu kwa askari wa zamani aliyekuwa na risasi mwilini, kisha akaipeleka Ikulu. Jaribio la tarehe 26 Julai liliharibiwa na kelele zilizotokana na kifaa kuunganishwa vibaya. La tarehe 1 Agosti lilitoa mlio dhaifu uliotapakaa katika eneo pana, ambao haukuonyesha mahali mahsusi. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba.

Simulizi inayopendwa hulaumu nyaya za chuma zilizokuwa kitandani. Ni simulizi tamu, na huenda ndiyo maana haichoki kurudiwa. Hata hivyo, Bell alipochapisha taarifa yake mwaka 1882 hakuupa mtandao ule wa nyaya uzito huo. Kilichoonekana katika uchunguzi wa maiti kina uzito zaidi: risasi ilikuwa upande wa kushoto wa uti wa mgongo, nyuma ya kongosho, ilhali daktari mkuu, Willard Bliss, aliamini iko kulia na ndiko upekuzi ulikoelekezwa. Kwa maoni yangu, kasoro ilikuwa mbili kwa pamoja: kina cha risasi, na kuchunguza kutoka upande mmoja tu.

Karne ya 20 iliishughulikia kasoro ya pili zaidi ya ile ya kwanza. Mwaka 1949 Henri Doll, aliyewahi kushughulika na vitambua mabomu ya ardhini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alieleza namna ya kupima upitishaji umeme wa miamba kwa koili zilizoshushwa katika visima vyenye tope la mafuta, ambamo elektrodi hazikufaa. Mwaka 1968 Tarjan na McFee walipima kwa koili ukinzani wa kiwiliwili na kichwa cha binadamu. Hizo zilikuwa namba, si picha. Picha ilihitaji koili nyingi kukizunguka kitu, na kompyuta ya kukokotoa kilichomo. Mwaka 1993 Al-Zeibak na Saunders walichapisha uchunguzi wa awali wa kupiga picha za mwili kwa njia hiyo, na wengine wakafuata upesi.

Kasoro ya kina ilibaki. Eksirei husafiri kwa mstari ulionyooka. Usumaku hutawanyika, hivyo kila kipimo hubeba athari za kitu kizima, na miundo tofauti ya ndani inaweza kutoa vipimo vinavyokaribia kufanana. Tatizo hilo ni kali zaidi kwa tishu za mwili, ambazo hupitisha umeme mara mamilioni chini ya shaba. Tena koili zilizo pembeni huathiriwa zaidi na kilicho karibu na ngozi kuliko kilicho katikati. Watafiti wanaotaka kuona damu iliyovuja ndani ya ubongo kwa njia hii hukabiliana na umbali uleule uliomshinda Bell.