Baloji: mtoto wa Lubumbashi, filamu ya Ubelgiji

Mei 2023, huko Cannes, filamu iitwayo Augure ilitwaa tuzo ya Sauti Mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Miezi michache baadaye ikapelekwa kuwania Oscar, na nchi iliyoipeleka ni Ubelgiji. Mwongozaji wake, Baloji, alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Sehemu ya filamu ilipigwa hapa hapa mjini, na mhusika mkuu amechezwa na Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi. Ndani yake mnasikika Kiswahili.

Mengi tunayoyajua kuhusu maisha yake ameyasimulia mwenyewe kwa waandishi wa Ulaya, na kila mara simulizi hurudi kwa mama. Baba alimchukua angali mdogo, akampeleka Ubelgiji. Mama akabaki Katanga. Kijana akakulia Liège, akarapu na kundi la Starflam, kisha akalipa kisogo.

Alikuwa ameuacha muziki barua ya mama ilipomfikia, baada ya miaka mingi ya ukimya. Jibu lake likawa albamu nzima, Hotel Impala, yenye jina la hoteli ya baba yake kule Kolwezi. Alikuja Lubumbashi kumletea mama kazi hiyo mkononi, lakini, kwa maelezo yake, mkutano haukwenda alivyotamani. Jeraha hilo halikupona upesi. Mwaka 2018 alitoa albamu nyingine na kuiita 137 Avenue Kaniama, anwani ya mama hapa mjini. Kwangu mimi, sinema yake yote imetoka kwenye anwani hiyo.



Shule ya filamu hakusoma. Alijifunza kwa video za nyimbo zake na filamu fupi: Kaniama Show, inayoidhihaki televisheni ya dola, na Zombies ya 2019, inayopita saluni na mitaa ya Kinshasa ambako watu hawabanduki kwenye simu. Zombies ilishinda tuzo kuu katika tamasha la filamu fupi la Oberhausen, Ujerumani. Hata hivyo, fedha za filamu ndefu hazikumjia kwa urahisi.

Augure inamfuata Koffi, anayerudi kutoka Ulaya na mchumba wake mjamzito ili alipe mahari. Kwenye kikao cha ukoo anampakata mtoto mchanga, pua inamtoka damu, na tone linamwangukia mtoto. Kelele zinazuka, ndugu wanamnyang'anya mtoto, na Koffi anaburutwa kwenda kutolewa uchawi. Hakuna Mlushois, mkazi wa Lubumbashi, atakayehitaji kuelezwa tukio hilo. Tumewaona watoto waliofukuzwa nyumbani kwa tuhuma kama hizo wakilala barabarani, na tumepita. Baloji hakupita. Aliwapa wahusika wake wanne, akiwemo Koffi, uzito ule ule, akashiriki kubuni mavazi yao, na akamtungia kila mmoja albamu yake.

Ubelgiji ilitoa fedha, basi haki yake ya kuituma siipingi. Ninachouliza ni hiki: jimbo letu linalouza shaba na kobalti dunia nzima lishindwe vipi kuwa na mfuko wa kuwasaidia waongozaji wake, wale wa mitaa ya Kenya na Katuba hapa Lubumbashi wanaopiga klipu leo kwa kamera ya kuazima? Na Augure ioneshwe huko huko mitaani, bila kiingilio, mama zetu wakiwa mstari wa mbele.