Daftari la Mchango Lina Ukurasa Mmoja

Mamangu ana daftari la hesabu, lile dogo lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ukurasa wa kwanza ni mchango wangu wa kwenda chuo. Mama wa mboga pale stejini Voi, 100. Fundi wa baiskeli, 200. Kwaya ya kanisa, 3,000. Mwalimu wangu wa darasa la nane, 1,000 na ndoo mpya. Mjomba wa Mombasa, 5,000, ahadi, na mpaka leo mbele yake hakuna tiki. Jumla ya pesa taslimu ni shilingi 41,350.

Ukurasa wa pili ni hesabu ya maharagwe. Yaani baada ya mimi kupanda basi, daftari liliendelea na maisha yake.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Watu wengi mnadhani niliacha ili nifanye hizi video. Hapana. Video zilikuja baadaye, nikiwa nimekaa nyumbani sina la kufanya. Niliacha kwa sababu salio la karo lilikuwa limefika mahali ambapo jina lako halitoki kwenye orodha ya mtihani, na nilishindwa kumpigia mama simu nimwambie arudi kwa yule mama wa mboga. Utaanzaje? Mtu alishatoa mia yake, akapiga makofi, akakuombea. Sasa urudi umwambie haikutosha?

Kwa muda mrefu nilijua shida ni mimi. Halafu nikaanza kusoma historia ya hii kitu tunaita mchango wa elimu, na nikaona kitu kimoja kinajirudia kwa zaidi ya miaka 60. Sisi ni watu hodari sana wa kusindikiza. Kufuatilia ndiyo hatujajifunza.

Hebu turudi 1959. Kenya bado ni koloni, na nafasi za Mwafrika kusoma chuo kikuu ni za kuhesabu. Tom Mboya anazunguka Marekani akitafuta vyuo vitakavyowapokea vijana wetu, na vyuo vinakubali. Lakini nauli je? Ndege si matatu. Hapo wakajitokeza mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, wakaomba Wamarekani wachange. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na wengine mamia wakapaa, akiwemo Wangari Maathai. Kufikia 1963 walikuwa karibu 800.

Hiyo ndiyo hadithi tunayoipenda, ya ndege. Ile tusiyosimuliwa ni ya baada ya ndege kutua. Mchango ulilipa safari. Ukifika, kuna chakula, kuna chumba, kuna koti la baridi, kuna karo ambayo chuo hakikusamehe yote. Wengi waliosha vyombo, wakafagia, wakafanya vibarua likizo nzima. Waliofanikiwa tunawaita mashujaa, na ni haki yao. Lakini hata pale mwanzo kabisa, pesa kubwa zilikuwa za kuondoka. Za kukaa ulijitafutia.

Uhuru ukaja, na 1963 Mzee Jomo Kenyatta akalifanya neno harambee kuwa wito wa taifa. Watu wakalichukua kwa uzito kuliko hata serikali ilivyotarajia. Mawe yalibebwa, kuku wakauzwa, madarasa yakasimama. Miaka ya 70 shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Kisha kila eneo likataka chuo chake cha ufundi, na Coast Institute of Technology hapa kwetu Voi ni mojawapo ya matunda ya wimbi hilo. Ukipita pale, ujue si zawadi ya mkubwa fulani. Ni michango.

Lakini tena angalia vizuri. Kijiji kinaweza kujenga darasa kwa Jumamosi kumi. Kumlipa mwalimu kila mwezi kwa miaka 20 ni kazi nyingine kabisa. Shule nyingi za harambee zilikuwa na kuta kabla ya kuwa na walimu, na mwishowe zikaigeukia serikali. Jiwe la msingi lina sherehe. Mshahara wa Machi hauna sherehe.

Na kwetu Taita Taveta kuna jambo la ziada. Sehemu nyingine za Kenya, mzazi akikwama anauza kipande cha shamba. Sisi tuuze nini? Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948, na leo mbuga inakalia zaidi ya nusu ya eneo la kaunti yetu. Toa mashamba makubwa ya mkonge, toa ranchi, kinachobaki ni kidogo, na hicho kidogo ndovu anakuja kukivuna kabla yako. Usishangae kwamba kwetu mchango ndio benki. Majirani ndio hati ya shamba.

Zamani kidogo ungeweza kusema serikali itashika pale kijiji kilipoachia. Na kweli, miaka ya kwanza ya Uhuru, ukiingia chuo kikuu serikali ilikubeba. Mwaka 1974 ikaanza mikopo. Mwaka 1991 ikaja sera ya kuchangia gharama, wanafunzi wakaambiwa walipe. Mwaka 1995 ikaundwa HELB. Mwaka 2003 sheria ya CDF ikapita, na kila eneobunge likapata mfuko wenye fungu la basari. Baada ya ugatuzi wa 2013, kaunti nazo zikawa na basari zao.

Kwa karatasi, tumezungukwa na misaada. Lakini uliza yeyote aliyewahi kujaza hizo fomu. Chifu anapiga muhuri, kanisa linapiga muhuri, unapiga foleni, halafu jina lako linatoka na shilingi elfu tano. Mbona elfu tano? Kwa sababu kiongozi akigawia watu 1,000 kidogo kidogo, ana familia 1,000 za kumshukuru. Akiwabeba 50 mpaka wamalize, ana 50 tu. Kura hazihesabu waliohitimu. Zinahesabu waliopokea.

Na huo mfuko wenyewe unaweza kuyumba. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba. Miezi miwili kabla ya hapo, baada ya sisi vijana kuingia barabarani, Rais Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Mimi nilishangilia hiyo marufuku, tusidanganyane. Zile harambee za kuleta magunia ya noti na kamera zilikuwa zimenichosha. Lakini baada ya kushangilia nikajiuliza: sasa yule mtoto wa Sagalla aliyepata barua ya chuo wiki hii, nani anamlipia? Hakuna aliyejibu.

Kuna mfano mmoja hapa nyumbani wa kujifunza, wenye mazuri na makovu yake. Ni Kasigau. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza, Waingereza waliwahamisha watu wa Kasigau kwa nguvu mpaka upande wa Malindi, wakiwashuku kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko. Ardhi ileile, kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, leo inaingiza pesa kwa sababu miti yake haikukatwa. Mwaka 2011 mradi wa kaboni wa Kasigau, unaoendeshwa na Wildlife Works, ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kupewa hati za kaboni chini ya kiwango cha VCS. Sehemu ya mapato inaenda kwa jamii, kamati za wenyeji zinakaa na kuamua, na basari ni mojawapo ya vitu vinavyochaguliwa tena na tena.

Mradi huo una lawama, na tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wafanyakazi wanawake zilizotolewa na ripoti ya KHRC na SOMO ya Novemba 2023 si za kufunikwa kwa sababu kuna basari. Na bei ya kaboni ikianguka huko duniani, fungu la mwanafunzi linaanguka nayo. Lakini wazo moja nalichukua: pesa zinazokuja kila mwaka, na watu wanaojulikana wakiketi kila mwaka kuzigawa. Hilo mchango wetu wa kawaida hauna. Kamati ya mchango wangu ilivunjika siku ileile, baada ya soda.

Najua mtasema watu wetu hawana pesa za kumlipia mtu miaka minne. Chukueni lile daftari la mama. Kwa ile 41,350, karibu nusu iliisha wiki ya kwanza: godoro, hosteli, nauli, nguo za kuonekana mtu. Watu wale walinipa zote kwa siku moja kwa sababu ndivyo mchango ulivyo, ni siku. Je, wangekuwa watu 40 wa kutoa mia mia kila mwezi? Hiyo ni 4,000 kwa mwezi, 48,000 kwa mwaka, na mwaka ujao tena, na mwaka wa tatu. Ni zaidi ya jumla niliyopewa, na hakuna aliyetoa zaidi ya bei ya unga. Mamangu ana chama kinachozunguka kila mwezi bila kukosa kwa miaka. Kumbe kufuatilia tunajua. Tunakufanya kwa sufuria na mabati, lakini kwa mwanafunzi tunafanya sherehe ya siku moja na kuomba Mungu.

Na kuna kitu kingine ambacho hao 40 wangenipa. Kila mwezi mtu angeniuliza, unaendeleaje? Mimi mwaka mzima hakuna aliyeniuliza. Na mimi pia sikusema, kwa aibu, nikijua jina langu liko kwenye maombi ya Jumapili kama mtu aliyeshafika. Nimekutana na wengine watatu mtaani kwetu wenye hadithi hii. Wote walisindikizwa vizuri sana.

Mwezi uliopita nilienda kwa yule mama wa mboga. Nilikuwa nikimkwepa tangu nirudi, napita upande wa pili wa steji. Nilimwambia ukweli, kwamba mia yake iliishia njiani. Alinitazama, akaendelea kukata sukuma. Halafu akasema, "Si ungesema, mwanangu? Ningekuongeza hamsini."

Kwa hivyo nina ombi moja. Wewe uliyechangia mtu mwaka jana, leo yuko mwaka wa pili. Usimtumie pesa kwanza. Mpigie, muulize salio lake la karo ni ngapi, na unyamaze mpaka ajibu.

Mimi nimemwomba mama lile daftari. Kuna binti wa jirani anaingia mwaka wa pili Septemba. Nimemwandikia ukurasa mpya, nikachora safu 12, moja kwa kila mwezi. Jina la kwanza kwenye orodha ni langu, shilingi 500. La pili ni la mama wa mboga.