Ukaguzi wa Ndani na Gunia la Pamba

Katika nyaraka za ofisi tumeona mara nyingi maneno "ukaguzi wa ubora wa ndani". Sarufi haina kosa, ila maana imepotoka, kwani neno "ndani" limeuacha ukaguzi na kuufuata ubora. Mkulima wa pamba wa Bariadi akiyasikia atadhani kwamba gunia linafunguliwa ili kutazama kilichomo. Tena ana sababu: juu huweza kuwekwa pamba safi, na katikati fifi, au iliyotiwa maji na mchanga.

Wilaya hiyo, iliyokuwa ya Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, imo katika nchi ya pamba ya Usukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa nchi hiyo, kwa kutoiamini mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao vituoni. Harakati hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, zilizaa mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria. Kazi ya mpimaji yule ilikuwa na mawanda finyu, yaani uzito tu. Daraja la pamba halikumhusu.

Ushirika uliposhika ununuzi, mpimaji na mnunuzi wakawa wa nyumba moja. Malalamiko yakazidi, na mwaka 1966 kamati ya Rais ikachunguza vyama hivyo. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Hao ni wakaguzi wa nje. Chama kujikagua chenyewe ni jambo jingine, na ndilo liitwalo ukaguzi wa ndani wa ubora.

Mpango wake huanza na mawanda: vituo vipi, msimu upi, mizani pekee au pamoja na daraja, ghala na malipo. Wengine huandika "upeo", lakini upeo ni mwisho wa kuona, hali mawanda ni uwanja wenye mipaka. Kisha huja sampuli, nasi hatukubali iitwe "mfano". Mfano huchaguliwa ili kueleza. Sampuli huchaguliwa ili kupima. Mkaguzi azuruye vituo vya kando ya barabara kuu tu, akachota pamba ya juu ya gunia, amechukua mifano.