Kanisa Lililojengwa Mara Tano

Leo ni historia, lakini nitaanzia sokoni.

Wiki mbili zilizopita nilitumwa Kampala kununua vitu vya ukumbi wetu. Mnajua wote ule upepo ulichotufanyia. Turubai la paa lilichanika katikati, mvua ikaingia mpaka kwenye vitabu. Tukachanga, nikabebeshwa pesa, nikapanda basi la usiku, asubuhi nikaingia Kikuubo.

Kwa ambaye hajafika, Kikuubo kwa Kiganda ni njia nyembamba, uchochoro. Na ndivyo palivyo. Maduka ya jumla yamebanana kushoto na kulia, sabuni, sukari, chumvi, ndoo, na katikati wanapita wachukuzi na mizigo kichwani wanakupigia kelele uwapishe. Nilinunua turubai jipya na kamba. Basi la kurudi lilikuwa la usiku, kwa hiyo nilikuwa na mchana mzima wa kungoja. Niliacha mzigo kwa mzee mmoja wa kwetu anayeuza pale. Akaniuliza turubai ni la nini, nikamweleza. Akacheka. "Mwanangu, hilo nalo litachanika. Fuata Namirembe Road, panda mpaka kwenye kanisa kule juu. Uliza lilijengwa mara ngapi."

Nikapanda. Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe, ni la matofali mekundu, lina kuba kubwa, na ukisimama pale Kampala yote iko chini yako. Mimi nilidhani ni jengo la wazungu, walikuja na pesa, wakajenga, basi. Kumbe sivyo kabisa.

Kanisa la kwanza kwenye kilima kile lilijengwa mwaka 1890. Kumbukeni hali ya Buganda wakati huo. Miaka michache nyuma Kabaka Mwanga alikuwa ameua waumini, halafu tangu 1888 ikaja vita ya dini, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakifukuzana kwa zamu. Watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Yaani waliojenga kanisa lile la kwanza, wengi wao walikuwa wametoka kukimbia. Walijenga kwa miti, matete na nyasi, vile vile kama sisi tunavyoanza.

Mwaka 1892 wakajenga la pili, kubwa zaidi, pale juu ya kilima. Mwaka 1894 dhoruba ikaliangusha. Mwaka 1895 likasimama la tatu, nalo la miti na matete, na sote tunajua mchwa wanafanya nini kwenye miti.

Ndipo wakaamua kutumia matofali. Hapa nataka tusimame kidogo. Kazi ya kanisa la nne iliongozwa na mmisionari wa ufundi aliyeitwa Borup. Hakuleta matofali kwa meli. Udongo ulichimbwa pale pale, vijana wa Kiganda wakafundishwa kufyatua na kuchoma matofali, na useremala. Watu wakabeba udongo na matofali vichwani, wanaume na wanawake, wakubwa na wadogo. Lilipofunguliwa mwaka 1904, mji ulikuwa umepata kanisa na pia umepata mafundi. Hiyo ya pili ndiyo iliyobaki.

Nasema ndiyo iliyobaki kwa sababu kanisa lenyewe halikubaki. Kuta zilikuwa za matofali lakini paa liliezekwa kwa nyasi. Tarehe 23 Septemba 1910 radi ikapiga paa, moto ukala kila kitu. Kazi ya miaka ikawa majivu siku moja.

Sasa jiulizeni, mara nne tayari. Wewe ungefanya nini? Mimi ningesema basi, tukae na kibanda. Wao wakaanza kuchanga tena. Ramani ilichorwa na msanifu Mwingereza, Beresford Pite. Ujenzi ulianza mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, ukaisha mwaka 1919. Safari hii paa likawa la vigae. Kutoka moto mpaka mlango kufunguliwa ni miaka tisa. Kanisa hilo la tano ndilo lililosimama mpaka leo, limepita miaka mia moja.

Mtu anaweza kusema, sawa, somo ni kwamba nyasi ni mbaya, vigae ni vizuri. Hapana. Kilima kingine cha Kampala, Kasubi, kina hadithi iliyo kinyume. Pale wamezikwa Makabaka wanne, kuanzia Muteesa I, ndani ya nyumba kubwa ya nyasi. Tarehe 16 Machi 2010, karibu miaka mia moja baada ya moto wa Namirembe, nyumba ile iliungua. Wangeweza kuweka vigae au bati, ingekuwa rahisi. Lakini walirudisha nyasi, kwa sababu pale nyasi ndiyo historia yenyewe. Nje, kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Ndani, mapambo ni kazi ya ukoo wa Ngo, na juu kwenye dari kuna pete 52 za koo 52 za Buganda. Wakaongeza na vifaa vya kuzima moto. Ilichukua miaka kumi na zaidi, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Vilima viwili, mioto miwili, majibu mawili tofauti. Namirembe walibadilisha paa ili watu waendelee kukusanyika. Kasubi walikataa kulibadilisha ili ufundi usife. Ila sehemu zote mbili kuna kitu kimoja, kazi ilipita mikononi mwa watu wa pale, na walioishika mikononi waliweza kuirudia.

Sasa niseme ukweli wangu. Kwenye kikao chetu, aliyesema "tununue turubai, tusijisumbue na matofali" alikuwa mimi. Nilisema hapa siyo kwetu, kesho keshokutwa tutaondoka. Wengi mlipiga makofi. Lakini kesi yangu ya kwenda nchi ya tatu ina miaka sita sasa. Miaka sita hiyo tumebadilisha turubai mara tatu. Watu wa Namirembe kwa miaka minne, 1915 mpaka 1919, walimaliza kanisa kuu.

Sisemi tutulie tusahau nyumbani. Mimi kila siku naangalia simu kama wamenipigia. Sisemi pia kwamba tofali litatuletea safari. Ninachosema ni kwamba nimekuwa natumia safari kama sababu ya kutofanya kitu. Na nikiondoka kesho, turubai halitanifundisha chochote cha kwenda nacho. Kufyatua tofali kutanifundisha.

Na nyinyi ndugu wa mashirika, tunashukuru kwa maturubai, yalitusitiri usiku mwingi. Lakini mkija na bajeti nyingine, tuulizeni kwanza. Labda tutaomba kalibu za kufyatulia matofali, na fundi mmoja wa kutufundisha kwa mwezi.

Niliporudi Kikuubo jioni, mzee aliniuliza, "Mara ngapi?" Nikamwambia tano. Akanisaidia kufunga mzigo, hakuongeza neno.

Turubai tutaliweka Jumamosi hii, maana mvua haingoji. Jumamosi ijayo mimi nitakuwa kule nyuma ya ukumbi, kwenye udongo mwekundu, na jembe. Atakayekuja aje na ndoo.